Nyama ya mgeni imfikie na mtoto

WAHENGA walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walikuwa na maana kwamba siku mgeni anapobisha hodi, jikoni huinjikwa chungu kikubwa na kila mtu wa nyumba ile hushiba. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji, huyo mwenyeji anayepona ni nani hasa? Katika nyumba nyingi za kwetu hapa Kisinga, na mpaka Bwera na Mpondwe, kilo moja ya nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vikubwa na kuchemshwa. Kisha ugawaji huanza. Mgeni hupata vinono, baba mwenye nyumba hupata vyake, wazee hupata vyao. Mama hubaki na mifupa. Watoto humiminiwa mchuzi juu ya obundu, wakaambiwa kwamba leo wamekula nyama.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hata akipewa hicho kipande, hawezi kukitafuna. Atakimung'unya, atakitema, na kaka yake atakiokota.

Hili si jambo la kuchekea. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa. Katika eneo la Toro, ambalo wachunguzi waliliweka pamoja na wilaya yetu ya Kasese, walikuwa 41. Ndilo lililokuwa juu kuliko maeneo yote ya nchi. Na hapa ndipo ajabu ilipo, kwa sababu huku hatuna njaa ya kukosa kitu cha kutia tumboni. Muhogo upo, ndizi zipo, samaki hutoka Katwe. Tatizo ni kile kinachofika kwenye sahani ya mdogo. Unga wa muhogo una protini gramu moja au mbili tu katika gramu mia moja. Mtoto hushiba, tumbo hujaa, lakini mwili haupati cha kujengea. Udumavu ukishaingia katika miaka miwili ya mwanzo ni vigumu sana kuurekebisha baadaye. Sisi walimu tunaupokea darasani ukiwa umevaa sare.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinapikika leo jioni. Ile kilo moja tuisage, tuifinyange kababu, tuipike kwenye mchuzi mzito.

Mimi nilisoma upande wa Kongo, ambako wazazi wangu walikimbilia, na kule kababu hizi huitwa buleti, jina lililotoka kwenye Kifaransa. Ndugu zetu wa pwani huziita kababu, na wengine kofta. Jina si hoja. Hoja ni hesabu.

Chukua kilo moja ya nyama isiyo na mafuta mengi. Kama huna mashine ya kusagia, ikate vipande vidogo kwa kisu kikali, kisha itwange kwenye kinu kilichooshwa kwa maji ya moto. Chemsha nusu kilo ya muhogo mtamu, utoe nyuzi, uuponde mpaka ulainike. Changanya na nyama, vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo sana, saumu, tangawizi, chumvi kijiko kimoja cha chai na yai moja. Muhogo ndio utakaoshikamanisha kababu zisivunjike, kazi ambayo mjini hufanywa na mkate. Finyanga kababu 20 bapa zinazolingana. Zikaange kwa mafuta kidogo, pande zote mbili zigeuke rangi, uziweke kando. Katika kikaango kilekile kaanga kitunguu, nyanya sita na karoti mpaka vilainike. Koroga kijiko kimoja cha unga kwenye maji baridi, umimine humo pamoja na vikombe viwili vya maji, uache uchemke. Rudisha kababu, funika, punguza moto, subiri dakika 20.

Sasa tupige hesabu kama darasani. Kila kababu ina gramu 50 za nyama, na gramu 50 za nyama ya ng'ombe zina protini kama gramu 10. Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji takribani gramu 20 kwa siku. Nyumba ya watu kumi, kila mtu anapata kababu mbili. Mtoto wa shule tayari amepata haja yake ya siku nzima. Yule wa mwaka mmoja na nusu, mama humpondea moja kwenye mchuzi akaila yote bila kutafuna.

Na faida kubwa kuliko zote ni kwamba kababu huhesabika. Vipande vya kuchemsha havilingani, kwa hiyo mwenye cheo huchukua kikubwa na hakuna anayeweza kusema neno. Kababu 20 zikiwa mezani, kila mtu anajua ngapi ni za nani.

Najua watakaonipinga. Mzee mmoja atauliza, mwalimu, unataka mgeni wangu ale chakula kilichotafunwa tayari? Mzee wangu, shikamoo, lakini tazama meno ya hao wageni tunaowaheshimu. Wengi ni wa umri wa babu. Tunawapa fupa la heshima, wanalizungusha mdomoni kwa adabu, mwisho wanampa mjukuu. Nyama iliyolainika ni heshima kubwa zaidi kwa mzee kuliko nyama inayomshinda.

Wengine watasema hiki ni chakula cha kigeni kilicholetwa na sisi tuliorudi. Ni kweli, na hakuna aibu. Mfalme Karl XII wa Sweden alishindwa vita mwaka 1709 akakimbilia kwa Waturuki, akaondoka huko mwaka 1714 kurejea kwao. Mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi hiyo kwenye Twitter ilitangaza kwamba vibonge vya nyama vya mchuzi, chakula ambacho Waswidi hujivunia duniani kote, vilitokana na mapishi aliyorudi nayo kutoka uhamishoni. Wapo wanaobisha habari hiyo, lakini taifa zima lilikubali kusema hadharani kwamba chakula chake kililetwa na mkimbizi aliyerudi. Sisi wa Kisinga tuna kiburi gani cha kuwazidi?

Wapo pia watakaosema maharage yanatosha na ni rahisi. Maharage yaliwe kila siku, sina ugomvi nayo. Lakini nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi zaidi, na ina vitamini B12 ambayo maharage hayana kabisa. Mara moja kwa wiki si anasa. Ila chai isiletwe pamoja na chakula hicho, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Isubiri saa moja.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la usalama. Nyama ikisagwa, uchafu uliokuwa juu yake huingia ndani yote, kwa hiyo kababu lazima iive mpaka katikati, isibaki wekundu hata kidogo. Usinunue nyama iliyokwisha kusagwa ambayo hukuiona ikiwa nzima. Na usinunue ya bei ya chee iliyokuja usiku bila mhuri wa mkaguzi. Sisi tunaishi jirani na hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako viboko wengi walikufa kwa kimeta mwaka 2004 na tena mwaka 2010. Mbegu za kimeta haziaminiki kufa kwa moto wa jikoni. Mnyama aliyejifia hapaswi hata kuguswa. Kuhusu mikono, tulikwisha fundishwa. Mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na mgonjwa wa kwanza akafikishwa hospitali ya Kagando hapahapa Kisinga, kila mlango uliwekwa ndoo ya kunawia. Ndoo hiyo irudi jikoni.

Nawageukia sasa akina mama wanaovuka kwenda Kasindi. Ninyi mnatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, mkiwa mmebeba mawese na vitenge, na mnakuta nyama mliyoinunua kwa faida yenu imekwisha kugawanywa. Wengi wenu mnalea pia watoto wa ndugu walioachwa na miaka ya vita, tangu ADF waliposhambulia Mpondwe mwaka 1996. Hao watoto wa kulelewa ndio huwa wa mwisho kabisa kwenye foleni ya sahani. Kababu zinaweza kufinyangwa na binti mkubwa, zikahesabiwa kabla hamjafika, na zenu mbili zikawasubiri ndani ya mchuzi.

Wenye mabucha nao watusaidie. Mashine moja ya mkono, ikioshwa kwa maji ya moto kila baada ya kazi, itawaletea wateja wanaotaka robo kilo ya kumpikia mtoto. Wahudumu wa afya wa vijijini waache kutuambia "lisheni watoto vizuri" wakaondoka. Waje na kikaango, wapike mbele ya watu, waonje wote. Na akina baba, ambao ndio tunaokaa karibu zaidi na sahani ya nyama, tukubali kuhesabiwa. Mbili zangu, mbili za mama, mbili za kila mtoto aliye chini ya paa langu, awe wa kuzaa au wa kulea.