Bei ya petroli ikianguka, banki ndizo huumia

Kwa mvuvi wa Baraka anayenunua esansi ya mota ya mtumbwi, petroli ikishuka bei duniani ni habari njema. Kwa banki za nchi inayouza petroli, huo ni mwanzo wa shida.

Tazama jirani yetu Angola. Katikati ya 2014 pipa moja lilizidi dola 100; Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Serikali ilikosa dola, ikachelewa kulipa makampuni yaliyoifanyia kazi, nayo yakashindwa kurudisha mikopo. Mwaka 2017, zaidi ya robo ya mikopo ya banki za Angola ilikuwa hailipwi vizuri.

Kongo huchimba petroli kidogo tu, kule Muanda. Kinachotuletea dola ni shaba na kobalti, na shaba nayo ilianguka miaka ileile. Dola iliyokuwa karibu faranga 930 mwanzoni mwa 2016 ilikaribia 1,600 mwishoni mwa 2017. Mwaka 2016 banki ya BIAC iliishiwa pesa baada ya Banki Kuu kuikatia mkopo, na wateja wakawekewa kikomo cha kutoa akiba zao.

Mwalimu wa Fizi anayelipwa kwa faranga hakuuza hata kilo moja ya shaba, lakini mshahara wake ulinunua kidogo zaidi. Kinga ni akiba ya dola inayowekwa bei ikiwa juu. Mwaka 2017, akiba ya Kongo haikutosha hata mwezi mmoja wa manunuzi ya nje.