Mawe ya Cluny

Mnamo mwaka 910 Mtawala Guillaume wa Aquitaine, nchini Ufaransa, alitoa ardhi yake ya Cluny ijengwe nyumba ya watawa wafuatao kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kanisa lao kubwa, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilifikia urefu wa mita 187 hivi. Kwa karne nyingi halikuwa na kifani katika Ulaya ya magharibi. Mapinduzi ya Ufaransa yakawaondoa watawa. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa kwa wafanyabiashara, nao wakaligeuza kanisa hilo machimbo ya mawe. Leo imesalia sehemu ndogo tu, pamoja na mnara mmoja mrefu. Waliolibomoa hawakuvuka mpaka wowote. Kikulacho ki nguoni mwako.