Fundi wa Jana na Fundi wa Leo

Juma hili twawaletea shauri la baba na mwanawe. Kijana alikuwa akitazama katika simu yake picha za Mhispania Toni Bou, ambaye hupanda kwa pikipiki ukuta mrefu kuliko mtu. Akamwambia baba yake: « Baba, ninyi wazee hamkujua kuendesha. » Mzee, aliyepitisha miaka mingi juu ya pikipiki katika njia za udongo, akajibu: « Mwanangu, huyo apewa kitu chepesi kama baiskeli. Mpe pikipiki yetu ya zamani, tumwone. » Tokea hapo hawakusemezana vema. Wakatuuliza: nani ana haki?

Hatupendi kujibu upesi, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Tuyatazame kwanza mambo yenyewe.

Mchezo huo waitwa triali. Si mbio. Mwendeshaji hupewa kipande kifupi cha njia mbaya: mawe, mto, mizizi, mteremko. Sharti akipite akisimama juu ya vikanyagio, asiguse chini kwa mguu. Mwamuzi husimama kando na kuhesabu. Mguu ukigusa mara moja, ni alama 1 ya kosa. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, alama 3. Akianguka au akishindwa kupita, alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Basi, mchezo huu haupimi nguvu ya injini, wala ujasiri mtupu; wapima usawa wa mwili, jicho, na subira.

Mashindano yenye sifa ya kale kuliko mengi ni yale ya Siku Sita za Uskoti, ambayo historia yake yaanza mwaka 1909. Siku hizi yafanyika kando ya mji wa Fort William, chini ya mlima Ben Nevis. Mwendeshaji hupita vipande thelathini hivi kila siku, na kati ya kipande na kipande husafiri mwenyewe, mvua inyeshe, baridi iume. Huko Mwingereza Hugh Viney alishinda mara tatu mfululizo, 1947, 1948 na 1949, juu ya AJS isiyokuwa na springi za nyuma. Kila jiwe alilolipita lilimpiga moja kwa moja mgongoni.

Baada yake akatokea Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast. Alianza na Ariel ya sentimeta za ujazo 500, iliyozidi kilo 100, hata baada ya yeye mwenyewe kuipunguza uzito kwa miaka mingi, chuma baada ya chuma. Pikipiki ya namna ile haiwezi kurushwa pembeni ikikosea njia. Mwendeshaji alipaswa kushuka kwanza, kutembea juu ya mawe, kuchagua mstari wake, na kuushika moyoni. Akiisha kuingia, hana nafasi ya kusahihisha. Tena kusimama palikuwa kosa. Hapo twaona ufundi wa wazee: kusoma ardhi kabla ya kuikanyaga. Hakika, mzee wetu hakusema uongo.

Lakini tumsikilize na kijana. Pikipiki ya triali ya leo ina uzito wa kilo 70 hivi, haina hata kiti, nayo ina breki za sahani, na tairi laini linaloshika jiwe kama kiganja. Kweli, kitu hicho chasaidia. Hata hivyo, mwampa mtu kinanda kizuri, je, atapiga muziki kesho yake? Mwendeshaji wa leo husimama kabisa bila kugusa chini, hurukaruka juu ya gurudumu moja, hugeuka palepale, kisha huachia klachi kwa kidole kimoja na kupaa juu ya mwamba. Mambo hayo hayakutoka kiwandani, yalitoka katika vichwa na miili ya watu. Bernie Schreiber wa California, bingwa wa dunia wa mwaka 1979, na Mmarekani pekee mpaka leo kupata ubingwa huo, alisifiwa kwa kugeuza pikipiki hewani pale ambapo wengine walizunguka polepole. Jordi Tarrés wa Hispania, bingwa mara 7 kati ya 1987 na 1995, alijifunza kwanza kurukaruka juu ya baiskeli, akauleta ujuzi huo katika pikipiki. Toni Bou naye alipita njia hiyohiyo ya baiskeli. Tangu 2007 mpaka 2024 alishinda ubingwa wa dunia kila mwaka, wa nje na wa ndani ya ukumbi, jumla mara 36. Tukisema kwamba hiyo ni kazi ya mashine, tutawajibu nini wapinzani wake, ambao nao walikuwa na mashine nyepesi?

Jambo jingine latuonya tusitupe lawama zote juu ya uzito. Mbelgiji Eddy Lejeune alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 1982, 1983 na 1984, akiendesha Honda ya mapigo manne, wakati wapinzani wengi walipendelea injini nyepesi za mapigo mawili. Mashine hufungua mlango. Mtu ndiye apitaye.

Kumbe, mzee Miller mwenyewe alikwisha kulikata shauri hili. Mwaka 1964 alikuwa bwana wa Ariel ile nzito, wala hakuna aliyemtisha. Angeweza kukaa na kusema: ya kwetu ndiyo ya haki. Bali alikwenda Barcelona, akashirikiana na kiwanda cha Bultaco kutengeneza pikipiki nyepesi ya mapigo mawili. Mwaka 1965 akaipeleka Uskoti, akashinda; ndipo kwa mara ya kwanza mashine ya kigeni ikashinda Siku Sita. Waliocheka wakanyamaza. Basi mtu ambaye wazee humtaja ili kuwaaibisha vijana, ndiye aliyewafungulia vijana njia.

Tena tutazame nyumba moja, kwani gazeti letu ni la jamaa. Katika Uingereza wapo akina Lampkin. Ndugu watatu waliendesha: Arthur alishinda Siku Sita mwaka 1963, Alan mwaka 1966, na mdogo wao Martin mara tatu, 1976 mpaka 1978. Mwaka 1975 ubingwa wa dunia ulipoanzishwa, Martin ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupata. Mwanawe Dougie akaupata mara 7 mfululizo, 1997 mpaka 2003, na Siku Sita za Uskoti akazishinda mara 12. Mkitaka kuhesabu vikombe, mtoto amempita baba mbali sana. Lakini nani alimfundisha mtoto kusimama juu ya vikanyagio? Nani alimwonyesha jinsi ya kulitazama jiwe? Mwana alianza mahali baba alipofika. Hiyo ndiyo sababu alifika mbali zaidi. Angalimdharau baba, angalianza upya kutoka chini.

Sasa tutoe hukumu, maana tuliombwa. Tukiuliza ni nani awezaye kupita mahali pagumu zaidi, jibu ni moja tu: fundi wa leo. Vipande vya ubingwa wa dunia vya siku hizi, bingwa wa mwaka 1965 asingeviingia, na mzee afanya vibaya akikana. Lakini tukiuliza ni nani aliyetoa zaidi kutoka katika kile alichopewa, hapo kijana anyamaze kidogo. Mtu hupimwa kwa jiwe la siku zake na kwa wenzake wa siku zake. Viney juu ya chuma kisicho na springi, na Bou juu ya kilo 70, wote wawili walifika mwisho wa uwezo ambao wenzao waliuona.

Nasi twaongeza onyo. Vipande vilipozidi kuwa vigumu, watu wa kawaida walianza kuogopa mchezo. Ndiyo maana huko Kinlochleven, karibu na Fort William, hufanyika mashindano ya pikipiki za namna ya kabla ya 1965, na vijana nao huzipanda. Hapo wajifunza kwamba kilo 100 hazirukishwi kwa kidole. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Baba yule na mwanawe tuliwapa neno hilo, kisha tukawaomba jambo moja dogo. Mzee akubali kutazama tena zile picha, aulize: « Mwanangu, hapa amefanyaje? » Na kijana, kabla ya kuwasha pikipiki siku ya mvua, ashuke, atembee pamoja na baba yake mpaka mteremko wa mto, aulize: « Baba, wewe ungepita wapi? » Hatujui nani atamshinda mwenziwe. Twajua tu kwamba siku wakiacha kuulizana, wote wawili wataanguka mahali palepale.