Neno "asili" si cheti: wiki nne na sabuni ya uso ya Kiayurveda

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vipodozi hapa Mombasa kutafuta mafuta ya nywele, nikatoka na sabuni ya uso. Muuzaji aliniangalia mara moja tu akasema: "Dadangu, ngozi yako mchanganyiko. Chukua hii ya Kiayurveda, asili tupu, haina kemikali."

Kuhusu ngozi hakukosea. Paji la uso na pua yangu hung'aa mafuta kabla ya adhuhuri, na huku mashavu yamekauka. Sabuni ya kipande huyakausha zaidi, na mafuta ya kulainisha mashavu huniletea chunusi puani. Nikalipa.

Nyumbani nikavaa miwani. Mbele ya boksi pamechorwa majani ya mwarobaini, manjano na kipande cha liwa. Nilicheka peke yangu. Mwarobaini uko uani kwa mamangu, manjano nanunua Marikiti, na liwa bibi zetu waliisaga juu ya jiwe wakawapaka maharusi. Tusijidai sana lakini: mwarobaini wenyewe ulitujia kutoka Bara Hindi. Elimu hii imevuka bahari pamoja na majahazi. Hata mazungumzo ya Ayurveda ya vata, pitta na kapha hayatushangazi sisi tuliolelewa kwa kuambiwa chakula hiki cha joto na kile cha baridi.

Kisha nikageuza boksi. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza maji, cha pili sodium laureth sulfate, dawa ile ile ya povu iliyomo kwenye shampuu nyingi. Mwarobaini ulikuwa wa saba. Basi ile "haina kemikali" ilikuwa maneno ya dukani.

Niliitumia hata hivyo, asubuhi na usiku. Wiki ya kwanza pua ilitulia, nikafurahi. Wiki ya pili mashavu yakaanza kuvuta kama ngozi ya ngoma. Nikaacha ya asubuhi, nikawa naosha kwa maji matupu, na usiku napaka sabuni paji la uso, pua na kidevu pekee. Kufikia wiki ya nne uso umekaa sawa. Siwezi kuapa ni mwarobaini ulionisaidia. Huenda ni kule kuacha kuosha kupita kiasi.

Ingekuwa ni pua yangu tu nisingeandika. Kilichonisukuma ni bintiye kakangu. Naye aliuziwa "asili", krimu ndani ya kopo lisilo na lebo, uso ukamwiva mwekundu, kisha ukabaki na mabaka. Hatujui mpaka leo alipaka nini. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingine huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, uliwekwa ili kudhibiti zebaki, vipodozi vikiwemo.

Na neno Ayurveda peke yake halimkingi mtu. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walipima dawa 70 za Kiayurveda za kumeza zilizokuwa zikiuzwa Boston. Katika hizo, 14 zilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Sabuni huoshwa ikaondoka, kwa hiyo si sawa na dawa ya kumeza. Lakini somo ni moja: mmea kuwa wa asili hakukuambii kilichochanganywa nao.

India yenyewe imelielewa hilo. Mwaka 2014 iliunda wizara kamili ya Ayurveda na tiba nyingine za jadi, Yunani ikiwemo. Boksi langu lina namba ya leseni ya kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Nikidhurika, kuna pa kuanzia kuuliza.

Sasa nenda kwa mama anayeuza liwa na manjano yaliyosagwa hapa kwetu. Bidhaa yake huenda ni safi kuliko ya kwangu, lakini imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, haina jina wala tarehe. Mwenye mkorogo naye hufunga vivyo hivyo. Mnunuzi atawatofautisha vipi? Hasara ya kwanza inampata mama huyu mwaminifu.

Masoko na afya ni kazi za kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Kaunti zetu zingewasaidia akina mama hawa kupima bidhaa zao na kupata alama ya KEBS, nusu ya pesa tunazozipeleka nje zingebaki mitaani. Wakati huo huo, makopo yasiyo na lebo yaondolewe madukani, si kwa msako wa siku moja ya kamera.

Nasi wanunuzi tuna letu. Geuza boksi. Tafuta viambato, leseni, tarehe na kibandiko cha KEBS cha bidhaa za nje. Jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku moja. Ukikuta neno "calomel", rudisha: hiyo ni zebaki. Na ukikuta kopo halina neno lolote, usingoje uso wako ndio ukueleze kilichomo.