Kioo ya bei kali mu jicho la mutu wa mine

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kushika feza ya nyumba, leo tuseme juu ya macho.

Katarakti munaijua: jicho linaingia wingu polepole, taa inachoma macho, mutu anabadirisha lineti kila wakati na bado haoni. Dawa ya kutia machoni haiponyeshi, ni operasyo tu. Munganga anatosha kioo ya ndani ya jicho yenye kuchafuka, anaweka ingine, ya plastiki. Hapo njo ulizo linakuja: uweke ya namna gani?

Kuko ya monofokale. Inaona vizuri umbali moja tu, mara mingi ni mbali. Kusoma karatasi ya mushahara utavaa lineti. Kuko na ya miltifokale, bei yake iko juu, inaona mbali na karibu pamoja. Watu wakisikia vile wanasema: ya bei kali njo ya muzuri, tukope feza.

Mimi ninasema: mungoje kwanza. Miltifokale inafanya kazi kwa kugawanya mwangaza, sehemu ya mbali, sehemu ya karibu, na kila sehemu inapata kidogo. Muchana, mu ofisi, mutu hasikii kitu. Lakini usiku, kila taa inaonekana na duara kandokando yake, sawa mwezi wa wakati wa mvua, na kitu cha kijivu mbele ya kijivu kinapotea. Kwa wengi inapungua kisha miezi fulani. Kwa wengine inabaki.

Sasa mufikiri mwenzetu wa chini, Kipushi ao Kamoto: mwangaza wake ni taa ya kofia, na wengine wanakuja mbele yake na taa zao. Ao shofere wa kamiyo kubwa mu karyeri, ekipi ya usiku, vumbi tele. Huyu anapaswa kuona ufa mu jiwe, kuona mutu mwenye kusimama pembeni. Kusoma bila lineti kutamusaidia nini?

Mwalimu, ao muzee wa pensyo asiyetembea tena usiku, yeye anaweza kuichagua kama feza iko. Lakini mwenye sukari yenye kugusa ndani ya jicho, mwenye glokome, ao mwenye kovu la kipande cha chuma kilichomurukia jichoni, mara mingi monofokale inamufaa zaidi. Na kubadirisha kisha haiko mchezo: ni operasyo ya pili, nguvu kupita ya kwanza.

Code du Travail ya 2002 inasema mwajiri analipa matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake, na lineti pia kama munganga ameandika. Basi wasilipe operasyo halafu wakuache utafute lineti ku soko. Delege wa sendika aulize hiyo mbele mugonjwa hajaweka sinyatire.

Na jambo lingine, halina gharama hata franga moja: munganga wa kampani amwandikie munganga wa macho huyu mutu anafanya kazi gani, saa gani, mu mwangaza gani. Pahali mingi wanamutuma na jina na namba ya matrikule tu.