Kifafa Hakiambukizi, Mnyoo Huambukiza

Nilialikwa wakati mmoja kuzungumza na wanafunzi wa shule iliyo baina ya Thika na Ruiru. Kabla sijamaliza, msichana mmoja alianguka, akawa anatupa mikono na miguu huku povu likimtoka kinywani. Wenzake walitimua mbio. Mwalimu wao akapaza sauti: "Msimguse! Kifafa huambukiza!"

Mimi ni mwanaisimu, si daktari. Hata hivyo, kosa la sentensi ile naliona: kitenzi kilipewa kiima kisicho chake. Kifafa hakiambukizi, na povu la mgonjwa halimwambukizi mtu kifafa. Kinachoambukiza ni kimojawapo cha visababishi vyake, yaani mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe.

Tegu huyu hukaa katika utumbo wa mtu aliyekula nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi na isiyoiva vyema. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, viluwiluwi hujenga vifuko katika nyama yake. Binadamu naye akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, viluwiluwi huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa huhusiana naye.

Asijidanganye, basi, asiyeonja nguruwe. Mwaka 1992 madaktari walieleza visa vya ugonjwa huu miongoni mwa Wayahudi washika dini mjini New York. Nao utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa katika vituo vitano barani Afrika, kikiwamo cha Kilifi, ulionyesha kwamba kifafa kilionekana zaidi kwa watu waliowahi kupata vimelea kadhaa. Kweli, kuandamana kwa mambo mawili si ithibati kwamba moja limezaa jingine. Lakini kwa tegu, njia yenyewe inajulikana.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru. Katika miji inayopanuka hivi, ambamo nyumba za kupanga hupakana na mazizi, choo kikifurika si aibu ya jirani pekee. Ni hatari kwa bongo za watoto wetu.

Yatupasa kudai vyoo safi, maji na sabuni katika kila shule, nguruwe wafungiwe, na nyama ikaguliwe. Mwalimu naye ajue la kufanya: amlaze mgonjwa kwa ubavu, aondoe vitu vigumu karibu naye, asimtie chochote kinywani, na mtukutiko ukizidi dakika 5 ampeleke hospitalini.

Niliambiwa baadaye kwamba msichana yule aliacha masomo kwa sababu hakuna aliyekubali kuketi naye. Dawa za kifafa zipo, na angeweza kusoma kama wenzake. Walimu wenzangu, tuwafundishe wanafunzi kunawa mikono, wala tusiwafundishe kumkimbia mgonjwa.