"Subiri kidogo" inavyokula siku 30

KIVULI CHA MBUYU
Na Amosi Mazengo

Kila ifikapo Julai, wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma huonekana mjini na bahasha za kaki mkononi, wakitafuta mahali pa kufanyia field. Barua ya chuo inasema mafunzo kwa vitendo. Mwenye bahati anapata wakili wa kumfundisha. Asiye na bahati anapata masjala, ambako vitendo vyenyewe ni kupanga mafaili na kutumwa fotokopi.

Kutoka kwenye masjala hizo hadi eneo la ujenzi lililo karibu ni nauli ya daladala moja tu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, Dodoma haijapumzika kujengwa: Mtumba, Ihumwa, Msalato, barabara ya mzunguko, na nyumba za kupanga zisizo na idadi. Kila ghorofa ina saidia fundi wake na kila geti lina mlinzi wake. Wengi wao hawana chama cha wafanyakazi, na mkataba hawajawahi kuuona.

Tumchukue saidia fundi mmoja wa mfano. Amebeba zege kwa bosi yuleyule mwaka na miezi miwili, kwa malipo ya siku, na jina lake limo kwenye daftari la msimamizi lililojaa vumbi la saruji. Jumatatu moja anaambiwa getini kwamba kazi imekwisha. Akiuliza haki yake anajibiwa kwa upole: "Subiri kidogo, bosi kasafiri." Akirudi wiki inayofuata: "Njoo mwisho wa mwezi." Hatukanwi wala hafukuzwi kama mwizi, pengine anapewa na nauli ya kurudia nyumbani. Mwisho wa mwezi unafika, na siku zake 30 zimeshaliwa.

Kwa kanuni za mwaka 2007, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Tume haitozi ada. Inachotaka ni Fomu Namba 1, ambayo nakala yake lazima mwajiri akabidhiwe, na yenye sehemu ya pili inayojazwa na aliyeachishwa kazi tu. Aliyechelewa hujaza Fomu Namba 2, ya kuomba asamehewe ucheleweshaji, na hapo ndipo "nilikuwa namsubiri bosi arudi" inapogeuka kuwa sababu nyepesi kuliko ilivyoonekana pale getini.

Ndiyo maana mwanafunzi wa sheria aliyefundishwa vizuri, akikutana na kibarua kama huyu, haanzi kwa kuuliza "ulionewaje?" Anaanza na "lini?" Kisha anahesabu siku kwa vidole, mbele ya mhusika.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu kibarua mwenyewe huamini kwamba yeye si mwajiriwa. "Mimi ni deiwaka tu," atasema. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, haikubaliani naye. Kifungu cha 61 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa, hata mkataba uitwe jina gani, ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo: saa zake zinapangwa na mwingine, au vifaa anapewa, au ametumika wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saidia fundi wetu humaliza saa hizo 45 ndani ya wiki moja. Na pale mwajiri asipoweza kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wa mwajiri.

Kuna kifungu kingine ambacho mwandishi wa safu hii hukikumbuka kila anapokaa baa. Ni cha 16 katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004: kila mwajiri abandike mahali pa wazi taarifa ya haki za mfanyakazi. Ukutani utaiona leseni ya biashara, cheti cha TRA, picha ya Rais, na tangazo kwamba leo ni fedha taslimu, mkopo ni kesho. Karatasi ya kifungu cha 16 bado inatafutwa.

Karatasi ikisomwa huleta mambo. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliishika ibara hiyo na kuwasomea mameneja wao. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua kiwanda wenyewe. Safu hii haimtumi mwanafunzi yeyote akateke kiwanda. Inamtuma na kalenda na fomu.

Wala asiende peke yake. Mwanafunzi si wakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka huduma hii itolewe na watoa msaada waliosajiliwa. Basi vyuo viwapeleke vijana chini ya mashirika hayo, na alama za field zihesabu Ihumwa sawa na masjala.

Na si wote wanaohitaji msaada huu wako kwenye ujenzi. Mei Mosi ya 2025, hapo jirani Singida, watumishi wa umma walitangaziwa kima cha chini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Wana vyama, na vyama vina mahali pa kuketi na Rais. Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri aliwekewa shilingi 60,000 katika amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023, na hata hiyo walikuwapo wasioipata. Mwanafunzi hatamkuta dada huyu kwenye eneo la ujenzi. Atamkuta gengeni, saa nne asubuhi, akichagua nyanya huku akiangalia saa, kwa sababu bimkubwa kampa dakika kumi.